Nimenunua mbuzi mtandaoni saa tisa usiku (wastaafu wenzangu, njooni hapa)

MwalimuKiamunyi | Jumatatu, saa 2:15 usiku

Habari za humu ndani. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Kiamunyi hapa Nakuru, umri 66. Nataka kuungama jambo, halafu niwasikie wa rika langu.

Nimenunua mbuzi mtandaoni. Si yule wa kulia mee. Ni kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, kile cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma wa meno meno. Nilifundisha Kilifi miaka minane kabla ya kuhamishiwa huku bara, sasa picha ile nikaiona saa tisa usiku, nikakumbuka wali wa nazi wa mama mwenye nyumba wetu. Nikabonyeza. Shilingi 1,450. Asubuhi nimeshasahau. Siku ya tatu kijana wa boda ananipigia: "Mzee, hapa kwa karatasi wameandika mbuzi, lakini katoni ni ndogo. Ni nyama ama ni nini?"

Nazi yenyewe hapa Nakuru nanunua labda mara mbili kwa mwaka.

Shida si kibao, shida ni ile saa tisa. Siku hizi naamka usiku (wanaume wa umri wangu mnajua) na nikirudi kitandani usingizi umekataa. Zamani ningefungua redio. Sasa nafungua simu. Miezi minne hii nimenunua taa ya kuvaa kichwani, kisu cha kumenyea nanasi, na soksi za wagonjwa wa sukari ilhali sukari sina.

Lakini sitaki mtu aje hapa kuutukana mtandao, maana kuna kitu kimoja ambacho bila huo mtandao sijui ningefanyaje. Hicho nitakisema nikipata ujasiri. Kwanza niambieni, nyinyi mnanunua nini, na nini kimewaponza?

KukhuWaLuanda | Jumatatu, saa 2:51 usiku

Mwalimu, mulembe. Nimecheka hadi mjukuu ameamka.

Mimi niliagiza kiti. Kwa picha kilikuwa kiti cha kukunja, kizuri, mtu anaketi chini ya mwembe anachambua mboga. Nikaona 850, nikasema hii bahati ni yangu. Kikaja kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu, kile kiti kuku angekikalia akatosha. Kurudi kusoma vizuri, maelezo yalisema sentimita 22 kwenda juu. Yalikuwapo tangu mwanzo! Mimi niliangalia picha, na picha haikuwa na mtu wala kikombe kando yake cha kulinganisha.

Siku hizi nina futi ya fundi cherehani, nimeitundika karibu na chaja. Kabla sijalipa naivuta hapo mezani nione sentimita ngapi ni ngapi.

NesiMstaafuKisumu | Jumatatu, saa 3:20 usiku

Hiyo futi ya Kukhu muishike sana, nami niongeze kitu.

Wengi wetu tunanunua mashine za presha mtandaoni, na ni jambo jema. Lakini hakuna anayeuliza mkanda. Mikanda mingi inayokuja na mashine hizo ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32. Pima katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, tafuta mkanda mkubwa, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene utakusomea presha ambayo huna. Jirani yangu wa Manyatta alikuwa anapata 158 kila asubuhi, anakula wasiwasi na ugali. Tulipobadilisha mkanda ikasoma 140. Ile 140 bado ni ya kwenda nayo kliniki, lakini hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ya mkanda.

Na mkishainunua msipime mkiwa mmetoka sokoni mnahema. Kaa dakika tano, miguu yote chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakotushinda sisi wanawake wa Kisumu.

Viatu navyo pimeni mguu jioni. Mguu wa jioni umevimba kidogo kuliko wa asubuhi, na kiatu kilichopimwa asubuhi kitakubana saa kumi.

Dawa sinunui Facebook. Dawa ni kwa duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, na mtu ninayemwona uso.

HadweaNjoro | Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Naamkia hapa nakuta wazee wazima wanafundishana jinsi ya kutufungia maduka. Mwalimu, Nakuru nzima hakuna taa ya kichwani? Mimi ninazo, ukija unaiwasha unaona inawaka ama haiwaki. Ikiharibika unarudi unanikuta palepale. Huyo wa mtandao utamkuta wapi?

Halafu mzee akikaa nyumbani analetewa kila kitu, atatembea saa ngapi? Atasalimia nani?

MwalimuKiamunyi | Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Bwana Hadwea, la kutembea nakubali. Nikienda soko la Wakulima kununua viazi narudi na habari za watu kumi, na mtandao haujawahi kuniuliza mgongo unaendeleaje.

Lakini maduka usitusingizie. Sisi watu wa Nakuru tumeona makubwa yakianguka kabla wazee hawajajua kubonyeza. Nakumatt, ile supamaketi, ilitoka hapa hapa, jina lenyewe ni Nakuru Mattress, ikakua mpaka ikavuka mipaka, na 2020 ikawa imezikwa. Hiyo haikuuawa na kibao changu cha mbuzi.

KukaWaBungoma | Jumanne, saa 5:30 asubuhi

Mimi nina miaka 71 na nimeliwa. Naandika ili mwingine asiliwe.

Ilikuwa Facebook. Blanketi mbili za manyoya na shuka za bure, 2,800. Ukurasa una picha nzuri, watu wameandika chini "nimepokea, asante". Nikatuma kwa M-Pesa. Kesho yake wananiambia mzigo umefika Kisumu, lipa 600 za kuutoa. Nikalipa. Jioni wanasema kuna 450 za bima, zitarudishwa blanketi zikifika. Nikalipa! Mtu akishazama hadi magotini anadhani ng'ambo ni karibu. Jumla 3,850.

Baadaye nikiandika WhatsApp naona tiki moja tu ya kijivu, na ile picha yao ya duka imepotea, imebaki kile kivuli cha mtu asiye na uso. Nilikaa nimeangalia kile kivuli muda mrefu. Kilichoniuma kuliko pesa ni kwamba sikuwaambia watoto. Mpaka leo. Wanadhani niliamua tu kutonunua blanketi.

MjukuuWaPili | Jumanne, saa 6:10 mchana

Kuka, pole sana. Mimi ni mjukuu tu, nasoma uzi huu kwa sababu nyanya yangu yuko humu (Kukhu, nakuona).

Hilo la kutowaambia watoto, tafadhali acheni. Sisi wenyewe tunaliwa kila siku, ila sisi tunaliwa na viatu vya michezo.

Ukituma pesa kimakosa ama ukishtuka mara moja, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo. Ikiwa yule mtu ameshaitoa pesa, imekula kwako, kwa hiyo dakika zina maana. Ujumbe wa utapeli ukiingia kwenye simu, upeleke 333. Na kiasi kikiwa kikubwa nenda kituo cha polisi uandikishe OB (kitabu chao cha matukio), hata kama unaona aibu.

Kabla pesa haijaenda, jina la mpokeaji linatokea. Lisome lote. Kama ukurasa unaitwa duka la blanketi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, hiyo peke yake si ushahidi wa wizi, wauzaji wengi wadogo hutumia laini zao. Lakini hapo ndipo pa kuuliza: niletee kwanza, nitalipa nikiona. Mwizi hapendi hilo neno. Na pesa za pili, iwe za kutoa mzigo, za bima, za nini, usilipe hata kumi.

Wale walioandika "nimepokea, asante" ni wao wenyewe, Kuka. Bonyeza jina uone hiyo akaunti ilifunguliwa lini.

KukhuWaLuanda | Jumanne, saa 6:32 mchana

Nimekuona na mimi. Rudi darasani.

BodaWaMamboleo | Jumanne, saa 4:48 usiku

Wazazi wangu, mniruhusu nami niseme, maana mizigo yenu mimi ndiye nabeba. Napeleka Mamboleo, Kondele, Kibos, hadi kule juu Riat.

Kwanza simu. Mnaagiza vitu halafu simu mnaiacha chumbani inachajiwa, nyinyi mko shambani. Napiga mara tatu hakuna jibu, mzigo unarudi stoo, halafu jioni mnanipigia mmekasirika. Siku mzigo unakuja, simu ikae mfukoni.

Pili hayo maelekezo. "Geti la bluu." Kisumu hii nusu ya mageti ni bluu! Mama mmoja aliniambia "ukifika uliza kwa Mama Akinyi". Nikauliza, nikaonyeshwa nyumba tano. Hatuna namba za nyumba kama Ulaya, hilo najua, basi mniambie kitu kisichohama. Posho mill, kanisa, transfoma ya stima. Msiniambie "pale kuna ng'ombe".

Na msinilaumu nikikataa mfungue kabla ya kulipa. Kuna mizigo muuzaji ameniambia mteja afungue, sina shida, naketi nasubiri. Kuna mingine nikikubali inakatwa kwangu. Ulizeni muuzaji mkiagiza, msisubiri kuniuliza mimi getini.

Lakini sitadanganya, nawapenda. Kuna mzee wa Riat hawezi kunilipa bila kunikalisha. Anatoa miwani kwenye kasha, anaipangusa kwa pindo la shati, anasoma karatasi yote hadi yale maandishi madogo ya chini, kwa sauti, halafu ananiuliza maana yake. Mimi nimekaa na chai. Mizigo mingine minne inaningoja kwenye pikipiki.

HadweaNjoro | Jumanne, saa 5:20 usiku

Kijana wa boda umeongea. Ila bado sijajibiwa. Mwalimu alisema kuna kitu kimoja bila mtandao hangeweza. Kitu gani hicho ambacho duka halina?

MwalimuKiamunyi | Jumatano, saa 9:08 usiku

Sawa. Duka linacho. Ndiyo shida yenyewe.

Mke wangu alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto. Anaongea, polepole, lakini hatembei. Nilipomtoa hospitali nilipewa orodha, na katika orodha kulikuwa na daipa za watu wazima.

Nikaenda supamaketi hapa mjini. Nikazipata, rafu ya chini kabisa, karibu na sabuni za kufulia. Nikapanga foleni. Pale kwenye kaunta alikuwa msichana niliyemfundisha darasa la saba. Ile mashine yake ikakataa kusoma bei. Akainua pakiti juu, hivi, akamwita mwenzake aliye kaunta ya mbali: "Hizi pampers za watu wazima ni ngapi?" Foleni yote ikageuka. Yeye hakuwa na ubaya, ni kazi yake. Akaniona, akafurahi, akasema, "Mwalimu! Ni za shosho?"

Nikasema ndiyo. Mama yangu alifariki 1998.

Nikapanda matatu ya Kiamunyi. Pakiti ile ni kama mto wa kulalia, haikutosha chini ya kiti, nikaipakata. Mfuko wenyewe unaonyesha ndani. Kwenye gari alikuwemo mama mmoja wa kanisani kwetu. Hakuuliza. Jumapili hiyo wanawake watatu walikuja nyumbani kumwombea mke wangu, na mmoja akaitaja, kwa wema kabisa, ndani ya maombi. "Bwana, umwondolee aibu hii."

Mke wangu alikuwa mwenyekiti wao miaka kumi na moja. Walipotoka akageuza uso ukutani. Akaniambia neno moja: "Usiende tena."

Ndipo mpwa wangu akanionyesha kwenye simu. Kila baada ya wiki tatu naagiza katoni. Linakuja limefungwa, nje limeandikwa namba tu. Hakuna anayejua ni nini, hata boda. Bei kwa katoni ni nafuu kuliko pakiti moja moja, lakini hata ingekuwa ghali ningelipa.

Bwana Hadwea, mimi sikuja mtandaoni kwa uvivu wa kutembea. Nilikimbilia huku. Hizo taa na visu ni mambo yaliyofuata baadaye, kama mtu aliyeingia duka kwa haraka akajikuta amezoea kukaa.

HadweaNjoro | Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mwalimu, hilo sikulifikiria. Mimi nauza misumari. Sijawahi kuona mtu akiona haya kununua misumari.

Pole ya mama.

NesiMstaafuKisumu | Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Mwalimu, pole, na hongera kwa kumtunza. Sasa niruhusu niwe nesi kidogo.

Daipa ziko aina mbili. Kuna za kuvaa kama chupi, hizo ni za mtu anayesimama. Kwa mtu wa kitandani chukua za kufunga kwa gundi pembeni, utambadilisha bila kumnyanyua sana. Pima kiuno na nyonga kwa ile futi ya Kukhu, chukua kipimo kilicho kikubwa, ndipo uangalie jedwali la muuzaji, maana L ya kampuni moja si L ya nyingine. Ikiwa kubwa mno itavuja mapajani, na ikibana inachuna ngozi. Agiza pakiti moja ya kujaribu kabla ya katoni la aina mpya.

La pili. Nimeangalia saa unazoandika. Ulifungua uzi jioni, lakini yale ya moyoni umeyaandika saa tisa na dakika nane. Mbuzi saa tisa. Mwalimu, mtu wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Wewe huamki kwa sababu ya kibofu. Unamgeuza mgonjwa, peke yako, usiku kucha. Ama nakosea?

MwalimuKiamunyi | Jumatano, saa 2:58 asubuhi

Hujakosea. Nimetega kengele saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Ya saa nane ikishapita silali tena, nangoja ya saa kumi. Hapo katikati ndipo maduka yangu hufunguka.

Hapo mwanzo nilisema haja ndogo kwa sababu ilikuwa rahisi kusema. Mjue basi haja ndogo ndiyo niliyoona ina heshima zaidi.

NesiMstaafuKisumu | Jumatano, saa 3:30 asubuhi

Basi kitu cha kununua saa tisa ni godoro la hewa, lile lenye pampu linalojaza vyumba vyake kwa zamu. Haliondoi kugeuzwa, ila uliza daktari wake kama mnaweza kurefusha muda usiku ukiwa nalo. Ngozi ikaguliwe kila siku vilevile, kisigino, nyonga, na hapa chini ya mgongo. Ukiona wekundu usiofifia ukibonyeza, usingoje. Uliza muuzaji pampu ina waranti ya miezi mingapi, na ujue stima ikipotea linaweza kunywea, kwa hiyo godoro lako la kawaida libaki chini yake.

Na tafuta mtu wa kukupokea hata usiku mmoja kwa wiki. Huyo mpwa.

KukaWaBungoma | Jumatano, saa 8:15 mchana

Mwalimu, nimesoma nikatoka nje kwanza. Nimerudi. Nimewaambia watoto habari ya blanketi. Mkubwa amecheka, amesema yeye aliliwa 12,000 za simu na hakuniambia mimi.

BodaWaMamboleo | Jumatano, saa 1:40 usiku

Mwalimu, sisi tunajua. Katoni kubwa halafu jepesi, na mteja ni mzee anayelipa haraka bila maswali, tunajua ni nini. Mimi hizo huwa nazifunika na koti la mvua hata kama jua ni kali. Hakuna aliyeniambia.

KukhuWaLuanda | Jumapili, saa 12:20 jioni

Mwalimu umenyamaza siku nne. Mama anaendeleaje? Na hicho kibao cha mbuzi, kama hukitumii mimi nakitaka, nitatuma pesa ya boda.

MwalimuKiamunyi | Jumapili, saa 2:05 usiku

Kukhu, kibao siuzi.

Godoro limefika Ijumaa. Mpwa alikuja akalifunga, akalala hapa usiku wa Jumamosi, nikalala mimi kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Nimeamka nimechanganyikiwa nikidhani nimechelewa shule.

Leo nimemtuma mtu Wakulima akaniletea nazi mbili. Kukuna si kazi ndogo, nimekalia kile kibao nikasikia magoti yakilia, na nilikuwa nimesahau kwamba nazi hukunwa kutoka ukingoni ukienda ndani, usifike kwenye ganda jeusi. Mke wangu alikuwa ananielekeza kutoka chumbani, polepole, maneno mawili mawili. Kilifi tulikuwa naye, yeye ndiye aliyefundishwa na yule mama mwenye nyumba, mimi nilikuwa mlaji tu. Tui la kwanza weka kando. Tui la pili ndilo la kupikia. La kwanza tia mwisho.

Nimempelekea sahani. Amekula kijiko cha kwanza, akanyamaza, akala cha pili.

Akasema chumvi imezidi.